Sayanotaipu: bluu inakolea kwenye fremu, ikiingia majini inakimbia. Ni maji, karatasi au jua?

#1 Kivuli_cha_Jani
Habari wakuu. Naomba wenye uzoefu wa sayanotaipu, yaani kuchapa picha za bluu kwa dawa za chuma na jua, mnisaidie kusoma dalili hizi.

Chupa A: feriki amonia sitreti ya kijani, gramu 25 kwa maji mililita 100. Chupa B: potasiamu ferisianidi, gramu 10 kwa maji mililita 100. Nachanganya sawa kwa sawa, napaka kwa brashi ya sponji kwenye karatasi ya manila nyeupe, ukubwa A5, mililita 5 kila karatasi. Inakauka kabatini saa 1 hivi, inabaki njano yenye ukijani. Negativu (picha iliyogeuzwa, penye giza pakawa peupe) imechapwa kwenye plastiki kwa printa ya leza. Juani dakika 8, saa 5 asubuhi, Tanga.

Ndani ya fremu picha inapendeza. Ikiingia kwenye beseni, bluu inatoka kama wingu, na baada ya dakika 10 kinachobaki ni bluu ya anga, hafifu. Sehemu za kuwa nyeupe nazo hazitakati, zina utando wa bluu. Januari vipimo hivi hivi vilinipa bluu nzito. Sasa tuko masika. Kimebadilika nini? Maji ninayooshea ni ya kisima.

#2 ChumviChuma
Maji, mkuu. Ukanda wa pwani visima vingi viko kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yana chokaa. Bluu ya Prussia, yaani hii bluu ya picha zetu, haipatani na alkali kama chokaa: inavunjika, chuma kinabaki kama kutu ya njano na kingine kinaondoka na maji. Beseni la kwanza litie tindikali kidogo: asidi ya sitriki gramu 5 kwa lita 1, au siki vijiko 3 vya mezani kwa lita. Dakika 3 hadi 5 humo, ndipo uende maji ya kawaida. Na kwa kuwa ni masika, kinga maji ya mvua. Hakuna maji bora zaidi ya hayo kwa kazi hii, na ni bure.

#3 FremuYaMninga
Napingana na #2 kwa heshima. Alkali inaua bluu polepole: inapauka palepale ilipo na kugeuka njano. Jamaa anasema inatoka *kama wingu*. Hilo wingu ni bluu iliyokwisha kutengenezwa lakini haikushika kwenye nyuzi za karatasi, ilikaa juu kama vumbi.

Mililita 5 kwa A5 ni bwawa. Kwa brashi, A5 inataka mililita 2, na ukitumia fimbo ya kioo hata 1.2 inatosha. Pima kwa bomba la sindano, usikadirie. Paka wima, kisha mlalo, halafu pita mara ya mwisho bila kukandamiza. Ukiona vidimbwi vinang'aa, umezidisha.

#4 Dakika_Kumi
Wote mmeruka swali la kwanza: picha imeiva? Dakika 8 anazipata wapi? Masika kuna mawingu, mwanga unaoonekana kwa macho haukwambii kitu kuhusu urujuanimno, miale isiyoonekana inayoivisha dawa hii.

Chukua karatasi moja iliyopakwa, ifunike kwa kadibodi, uwe unaifunua kipande kwa kipande ili upate dakika 2, 4, 8, 16 na 32. Osha, kausha, tazama ni kipande gani ambapo bluu imeacha kuongezeka. Hapo ndipo muda wako ulipo, kwa jua hilo, kwa kioo hicho.

Na kwa macho: usitoe fremu picha ikiwa bado bluu. Subiri sehemu za giza zipite bluu, zigeuke kijivu cha majivu, zikiwa na mng'ao kama wa shaba. Itaonekana imeungua. Haijaungua, hapo ndipo penyewe. Asiyejua hilo anatoa mapema, na sehemu kubwa ya alichopaka inaishia kwenye beseni.

#5 ChumviChuma
Kuongezea kwa #4, kuna sababu ya hicho kijivu. Mwanga unageuza chuma cha feriki (kilichomo chupa A) kuwa cha ferasi, kinakutana na ferisianidi, bluu inatokea. Ukiendelea, sehemu ya bluu hiyo inageuzwa tena na kuwa nyeupe ya Prussia, isiyo na rangi. Baada ya kuosha, hewa inairudisha kuwa bluu ndani ya siku 1. Asiyeweza kusubiri atie haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya asilimia 3, mililita 20 kwa lita 1 ya maji ya mwisho. Bluu inaruka papo hapo. Haiongezi chochote ambacho hewa isingeleta, inawahisha tu. Kwa hiyo picha mbichi isihukumiwe.

#6 Mama_Zuhura
Hodi humu. Mimi nafanya kwa majani na mwani, bila negativu. Huyu mama aliyevumbua, Anna Atkins, alitumia mwani na hakuhangaika na printa za leza 😊

#7 Nukta_Nyeupe
Dada Mama_Zuhura, marekebisho kidogo: mvumbuzi ni John Herschel, Mwingereza, mwaka 1842. Anna Atkins aliichukua mwaka uliofuata akachapa kitabu cha mwani wa Uingereza, picha moja moja kwa mkono, akilaza mwani wenyewe juu ya karatasi. Sifa yake ni hiyo, kitabu cha kwanza chenye picha za fotografia.

#8 FremuYaMninga
Si cha William Henry Fox Talbot, yule mwanzilishi mwingine wa fotografia, hicho?

#9 Nukta_Nyeupe
Cha Talbot kilianza kutoka 1844. Sehemu ya kwanza ya Atkins ni 1843. Cha Talbot ndicho kilichouzwa kibiashara, cha Atkins aliwagawia watu. Ndiyo maana wengi wanachanganya. Na kabla hatujahama kabisa: hii ndiyo teknolojia ile ile ya ramani za mafundi, mistari myeupe kwenye bluu. Jina "bluprinti" limetoka hapo.

#10 Mama_Zuhura
Asante mwalimu. Kwa wa mwani: suuza kwanza kwa maji baridi utoe chumvi, bana kati ya magazeti siku 1, ndipo ulaze. Mwani mbichi unatoa majimaji, na pale yanapogusa dawa panachujuka mabaka ya njano na kijani. Wapo wanaoyataka makusudi. Mimi nataka ukingo mkali, hivyo naukausha. Mwani mwembamba unapitisha mwanga kidogo, unapata bluu ya kati ndani ya umbo lenyewe. Jani la mwembe halipitishi, linatoka jeupe pe.

#11 Manila_Si_Karatasi
Jina langu linatosha 😀. Mtoa mada, tia tone la siki kwenye hiyo manila, tazama kwa karibu. Ikitoa vipovu, ina chokaa ndani. Viwanda vinajaza chokaa ili karatasi iwe nyeupe na isipate umanjano. Hii dawa inataka karatasi yenye tindikali kidogo, au isiyo tindikali wala alkali. Chokaa inaanza kuila bluu kabla hata hujafika kwenye beseni, kwa hiyo hata maji ya mvua hayatakuokoa.

Na msidanganywe na maneno "haina asidi" kwenye jalada. Mara nyingi maana yake wametia chokaa. Karatasi za kutengenezewa kazi hii zipo, Arches Platine, Hahnemühle Platinum Rag, Bergger COT 320, ila bei yake ni ya kuchapia picha ya mwisho. Kujifunzia, tafuta karatasi ya rangi za maji ya gramu 300, kisha ijaribu kwa siki kwanza. Iliyo na vipovu, wapo wanaoitibu kwa kuiloweka kwenye asidi ya salfamiki ya asilimia 10 hadi vipovu viishe, inaoshwa, inakaushwa.

#12 Kivuli_cha_Jani
Asanteni wakuu. Majibu ya leo:

Siki kwenye manila: vipovu vidogo, vipo. Nimepunguza dawa hadi mililita 2: wingu majini limepungua sana, limebaki kama robo. Beseni la kwanza nimetia siki: bluu imeongezeka kidogo. Nimeacha juani dakika 16: bado haifiki kijivu anachosema Dakika_Kumi. Utando wa bluu kwenye nyeupe upo vile vile.

Labda niseme pia, kioo cha fremu ni cha gari, kile cha mbele, fundi alinikatia kipande.

#13 Dakika_Kumi
Mkuu! Hilo lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza ya uzi.

Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati. Ule utando unazuia karibu urujuanimno wote. Dawa hii chakula chake ni kati ya nanomita 300 na 400, kinachobaki kupita hapo ni mabaki ya ukingoni. Nenda duka la vioo, omba kioo cha dirisha cha milimita 3, cheupe, kisicho na rangi. Wakusagie kingo.

#14 Fundi_Kioo
Nathibitisha. Kioo cha ubavuni nacho kina rangi ya kijani, kinakula mwanga ingawa si kama cha mbele. Jihadharini pia na plastiki ngumu za mabango: nyingine zimetiwa kinga ya jua, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kipimo chepesi: karatasi moja iliyopakwa, nusu chini ya kioo, nusu wazi, dakika 3 juani. Tofauti ikiwa kubwa, kioo hicho ni cha kutupa.

#15 Manila_Si_Karatasi
Sawa, lakini mtoa mada alisema Januari alipata bluu nzito. Kioo cha Januari kilikuwa kipi?

#16 Kivuli_cha_Jani
Hicho hicho. Ila Januari nilikuwa naacha saa nzima, nilipunguza muda baada ya kusoma mahali kwamba dakika 8 zinatosha.

#17 FremuYaMninga
Kwa hiyo "vipimo hivi hivi" havikuwa hivi hivi 😀 Tumekimbizana kurasa nzima kumbe saa 1 iligeuka dakika 8.

#18 Dakika_Kumi
Kesi yangu imeisha, naweza kukaa chini.

#19 ChumviChuma
Usikae bado. Hilo linaeleza bluu hafifu. Halielezi utando kwenye nyeupe. Picha iliyokosa mwanga inatakiwa iwe na nyeupe *safi kupita kiasi*. Yeye ana hafifu na chafu kwa pamoja, maana yake matatizo ni mawili.

Mtoa mada, fanya hivi: weka sarafu juu ya karatasi pembeni ya negativu, kwenye fremu hiyo hiyo. Ukishaosha, tazama chini ya sarafu. Pakiwa peupe na picha ina utando, negativu yako inavuja: wino wa leza hauzibi vizuri, ukiuinua juani utaona vitundu. Chapa nakala 2 uzilinganishe uzibandike pamoja. Pakiwa na bluu hata chini ya sarafu, dawa imeanza kazi gizani kabla haijafika juani.

#20 Bi_Sitreti
Na ikianza gizani, kwa pwani mshukiwa wa kwanza ni unyevu. Karatasi iliyopakwa ikikaa na unyevu, chuma kinaanza kugeuka ferasi chenyewe bila mwanga. Utaiona: badala ya njano-kijani ya kung'aa inakwenda kijani cha bahari, halafu bluu-kijivu. Ikifika hapo haioshwi ikatoka.

Kabati lililofungwa wakati wa masika ni mahali pabaya pa kukaushia. Chumba chenye giza, feni, dakika 15 hadi 20, kisha itumie ndani ya saa 2. Kikausha nywele sawa, ila kwa hewa baridi. Joto nalo linaamsha dawa. Karatasi ikiwa bado ina ubaridi ukiigusa kwa shavu, haijakauka.

#21 Nukta_Nyeupe
Bi_Sitreti upo sahihi kwa upande mmoja. Upande wa pili, usiikaushe ikawa kama biskuti. Dawa za chuma zinahitaji chembe ya unyevu ili mwitikio uende. Karatasi kavu kabisa inatoa picha nyembamba. Kwangu Dodoma wakati wa kiangazi tatizo ni hilo la pili: nailaza karatasi dakika 5 karibu na beseni la maji kabla ya kuiweka kwenye fremu, na giza linaongezeka.

#22 Bi_Sitreti
Dodoma ndiyo. Tanga mwezi wa nne hakuna karatasi iliyokauka kama biskuti, ndugu yangu.

#23 Maabara_Ndogo
Mie niulize kuhusu chupa A. Ni ile ile ya Januari? Sitreti ni chakula cha kuvu. Baada ya wiki kadhaa inaota utando juu, wa kijani au mweupe. Wengi wanachuja kwa karatasi ya kahawa na kuendelea, na picha zinatoka. Ila kuvu imekwisha kula sehemu ya sitreti, nguvu ya chupa si ile uliyopima. Tengeneza kidogo kidogo, mililita 50. Chupa B inakaa muda mrefu, mradi iwe ya rangi ya kahawia na isione mwanga.

Jingine: kuna sitreti ya kijani na ya kahawia. Ya kahawia inafanya kazi ila inachelewa kuitikia mwanga. Mtoa mada kasema ya kijani, vizuri.

#24 Kivuli_cha_Jani
Chupa A ni ya Januari. Utando upo, nilikuwa nachuja. Maji niliyoyeyushia ni maji ya betri.

#25 Maabara_Ndogo
Maji ya betri yapi? Tuwe makini hapa maana wengine wanasoma kimyakimya. Yale yaliyotoneshwa, ya kuongezea, hayana neno, ndiyo ninayotumia. Yale makali ya kujazia betri mpya ni asidi ya salfa. Ferisianidi ikikutana na asidi kali, hasa ikiwa na joto, inatoa gesi ya sianidi, na hiyo inaua. Siki na asidi ya sitriki kwa vipimo vilivyotajwa humu hazina shida hiyo. Soma jalada. Kama halina maandishi, usilitumie.

Vijiko, bakuli na mizani ya kazi hii visirudi jikoni.

#26 Kivuli_cha_Jani
Ni yaliyotoneshwa, jalada linasema. Asante kwa tahadhari.

#27 Juma_wa_Beseni
Wakuu samahani naingilia. Mimi nikichanganya A na B, inakuwa bluu nzito papo hapo kwenye kikombe, hata kabla ya kupaka. Chumba kina giza. Nini hiyo?

#28 ChumviChuma
Umeuziwa ferosianidi badala ya ferisianidi. Herufi moja. Fuwele za ferisianidi ni nyekundu ya machungwa, kama vipande vya yakuti. Za ferosianidi ni njano ya limau iliyopauka. Ferosianidi na feriki zinatengeneza bluu zikigusana tu, hazingoji jua. Rudisha dukani.

#29 Juma_wa_Beseni
Ni njano kweli. Asante mkuu, umeniokolea wiki nzima.

#30 Mama_Zuhura
Tukiwa tunasubiri sarafu ya mtoa mada: nani kafanya kwenye kitambaa? Marekani mbichi, ile isiyopaushwa, ukiichemsha kwanza kutoa wanga inapokea dawa vizuri kuliko karatasi nyingi. Shida yangu ni baada ya kufua. Bluu inageuka njano.

#31 Bi_Sitreti
Sabuni ya unga, dada. Ina magadi, na magadi ni alkali. Ni yale ya #2, ila kwa nguvu zaidi. Fua kwa maji baridi na shampuu kidogo, usiloweke, usitie kipaushaji, anika kivulini. Ikifa kwa sabuni hairudi. Ikififia kwa jua tu, iweke gizani siku kadhaa, inarudi sehemu kubwa.

#32 Nukta_Nyeupe
Na hiyo hiyo alkali ndiyo mlango wa rangi nyingine. Magadi ya dukani, kijiko 1 cha chai kwa lita 1 ya maji. Zamisha picha iliyokwisha kukauka siku 1, sekunde 20 hadi 60, bluu inapauka hadi njano hafifu. Suuza sana. Kisha iingize kwenye chai ya rangi nzito, majani vijiko 4 kwa nusu lita, iliyopoa, dakika 30 hadi saa 2. Tanini iliyomo kwenye chai inashikana na chuma, unapata kahawia hadi nyeusi ya zambarau. Ruka magadi, nenda moja kwa moja kwenye chai, unapata bluu-nyeusi. Karatasi nayo inapata umanjano, haikwepeki.

#33 Mama_Zuhura
Gome la mkoko je? Tangu zamani linatumika kutengenezea ngozi za wanyama kwa sababu ya tanini hiyo hiyo.

#34 Nukta_Nyeupe
Linafanya kazi, ila linaacha wekundu kwenye nyeupe kuliko chai. La mti wa mwati halina wekundu mwingi. Okota yaliyoanguka, mkoko hai usichunwe.

#35 Kivuli_cha_Jani
Nimerudi. Kioo kipya cha dirisha cha milimita 3, dawa A mpya, mililita 2 kwa A5, maji ya mvua yenye siki. Ngazi ya dakika: kwa saa 6 mchana na jua tupu, dakika 9 inafika kijivu. Bluu sasa ni ile ya Januari na zaidi.

Sarafu: kwenye manila, chini ya sarafu pana bluu hafifu. Kwenye karatasi ya rangi za maji isiyo na vipovu, chini ya sarafu ni peupe kabisa.

#36 Manila_Si_Karatasi
Nilisema nini? Karatasi. Kitu kilicho ndani ya hiyo manila kinaamsha dawa gizani.

#37 Bi_Sitreti
Subiri. Kivuli, zote mbili ulizikausha kwa njia moja?

#38 Kivuli_cha_Jani
Hapana. Manila nilipaka jana usiku ikalala kabatini. Ya rangi za maji nimepaka leo asubuhi kwa feni.

#39 FremuYaMninga
Ndugu yangu, vitu viwili kwa mpigo tena!

#40 Bi_Sitreti
Basi hatujui kitu bado. Usiku mzima kabatini mwezi wa nne unatosha kuchafua karatasi yoyote duniani.

#41 Manila_Si_Karatasi
Yoyote? Platine nimewahi kuiacha siku 2 Mombasa, chini ya sarafu pakawa peupe.

#42 ChumviChuma
Ndani ya mfuko uliofungwa au wazi?

#43 Manila_Si_Karatasi
Mfuko mweusi, na vifuko vya kukausha unyevu ndani.

#44 Bi_Sitreti
Sasa hiyo si kesi ya karatasi, hiyo ni kesi yangu.

#45 Dakika_Kumi
Kivuli, karatasi 4: manila kwa feni, manila kabatini, rangi za maji kwa feni, rangi za maji kabatini. Dawa ya kikombe kimoja, sarafu juu ya kila moja, dakika 9 zile zile. Ziandike nyuma kwa penseli, kalamu ya wino itachuja.

#46 Kivuli_cha_Jani
Nimepaka zote nne sasa hivi. Mbili ziko kwenye feni, mbili kabatini. Kesho jua likitoka naleta picha za migongo na mbele.